Safari Isiyo na Msiba

Mdogo wangu wa mwisho alipomaliza mtihani wa kidato cha nne aliniambia kwamba anataka twende Dar es Salaam kupiga kelele.

Nilikuwa uani nasuuza madumu ya maziwa kwa maji ya moto. Nilidhani anatania, nikaendelea kusuuza. Akachuchumaa karibu yangu, akaniwekea simu mbele ya uso. Kwenye kioo niliona kitreni kisicho na paa, watu wamefungwa mikanda kama mizigo, kinapanda mlima wa vyuma polepole. Kilifika juu, kikasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu kikaanguka. Watu wote wakafungua vinywa.

"Hii inaitwa rola kosta," alisema. "Iko moja nje kidogo ya Dar. Unakata tiketi, unapanda."

"Inakupeleka wapi?"

"Inakuzungusha, inakurudisha pale pale."

"Kwa hiyo watu wanalipa ili waogopeshwe."

"Wanalipa wapige kelele, kaka. Hebu sikiliza." Akaongeza sauti ya simu, na kuku waliokuwa wakidonoa karibu na madumu wakatawanyika.

Nilimwambia azime kabla majirani hawajaja. Sikuwa natania. Kwetu Handeni, na nadhani hata kwenye vijiji vya Korogwe, mtu hapigi yowe ovyo. Yowe ni wito. Likisikika, watu wanaacha chakula, wanatoka na walichonacho mkononi, kwa sababu kuna nyumba inaungua, au mwizi, au mtu amekata roho. Mdogo wangu huyu alipokuwa mtoto nilimfungia kamba kwenye mti nyuma ya nyumba awe anabembea. Siku ya kwanza tu nilimsukuma kwa nguvu akapiga ukelele wa furaha. Kabla bembea haijasimama, alishafika jirani mmoja na panga, mwingine na ndoo ya maji, na bibi mmoja wa nyumba ya tatu alikuja huku amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa kazi za msiba. Nikawaomba radhi wote. Jioni nikamwambia mtoto abembee kimya kimya. Alinitii, na kwa miaka mingi ukimwona kwenye ile bembea ungedhani ni bubu.

Mimi mwenyewe nilikwisha kuzoea kimya. Baba alifariki kwanza. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili, wakati huyu wa mwisho hajaanza kutembea na yule wa katikati anasoma shule ya msingi. Siku ya mazishi ya mama, mjomba alinishika bega pale makaburini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye mkubwa. Usilie. Wadogo zako wanakuangalia." Nikawatazama, kweli walikuwa wananiangalia. Sikulia. Shule nayo sikurudi, na sikuona kama jambo la kusimulia. Mtoto mchanga alihitaji uji na yule wa katikati alihitaji madaftari. Nikaanza kununua maziwa kwa wafugaji wa Kimaasai waliokaa upande wa mbugani na kuyapeleka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki.

Nilichojiwekea ni utaratibu mmoja tu. Kila mdogo wangu atakayemaliza kidato cha nne atachagua kitu kimoja, na mimi sitabisha. Yule wa katikati alichagua kwenda kujifunza kuchomelea vyuma, na sasa ana karakana yake Masuguru, pale Korogwe mjini. Nilitegemea huyu wa mwisho atachagua simu mpya, au godoro la kwenda nalo shuleni. Kumbe alishachagua zamani, alikuwa anasubiri kumaliza mtihani.

"Sawa," nilimwambia. "Utakwenda. Kaka yako wa Masuguru atakupeleka."

"Hapana. Ni mimi na wewe. Usipokuja, siendi."

"Na mimi nikafanye nini huko?"

Alikaa chini kabisa, kwenye matope ya maji ya kusuuzia, bila kujali gauni lake. "Matokeo yakitoka nitaondoka," alisema. "Nitakwenda kidato cha tano, sijui chuo, nitabaki huko huko. Wewe utaendelea kuamka na ng'ombe na kulala na kuku mpaka uzeeke. Nataka nikuone umetoka mara moja. Sio kwenda kuzika mtu. Kutoka tu. Nisipokuona, nitakuwa nakufikiria hivi hivi, umeinama na dumu."

Kusema kweli jambo hilo liliniudhi. Nilijiona nimesimama imara miaka yote hiyo, kumbe yeye aliniona nimeinama.

Nilikuwa nimeahidi kutobisha, kwa hiyo sikubisha. Nikaanza kutafuta kizuizi.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa maziwa. Ng'ombe hana Jumapili. Tangu nianze kazi hii sijawahi kukosa kwenda bomani kwa wale wafugaji, si kwa mvua wala kwa homa. Hata mazishi nahudhuria baada ya kupeleka maziwa. Asubuhi iliyofuata nikamweleza mama mmoja wa Kimaasai ambaye ndiye anayenipa maziwa mengi kuliko wengine. Tunamwita Yeyo, ambalo kwao ni mama. Nilimkuta anakamua, ndama amefungwa pembeni anavuta kamba. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba kuna safari imejitokeza, lakini haiwezekani, kwa sababu nikiondoka maziwa yatachukuliwa na nani.

"Nani amekufa?" aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna, Yeyo."

"Mgonjwa?"

"Hakuna. Mdogo wangu anataka tutembee."

Sasa akageuka. Alinitazama tangu miguuni mpaka kofia, halafu akacheka mpaka kibuyu kikacheza mikononi mwake. Akawaita wake wa wanawe kwa Kimaasai, nao wakaja, wakanitazama, wakacheka vilevile.

"Unafikiri ng'ombe wangu wanakujua?" aliniuliza. "Wewe ulikuja juzi. Ng'ombe walikuwepo. Maziwa yalikuwa yanakwenda wapi kabla yako?"

"Sijui, Yeyo. Mlikuwa mnakunywa."

"Tulikuwa tunakunywa, tunagandisha, na hawa walikuwa wanashiba." Akamfungua yule ndama. Ndama alikurupuka, nusura aniangushe na madumu yangu, akaingiza kichwa chini ya tumbo la mama yake na kuanza kunyonya huku mkia unazunguka. "Nenda safari yako. Siku zako za kutembea zitakuwa sikukuu ya ndama."

Nilirudi barabarani na pikipiki yangu nikiwa nimefadhaika. Kwa miaka yote nilikuwa nimejibebesha lile boma zima, na kumbe ndama walikuwa wananisubiri niondoke ili washibe.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa anapanga safari. Alichukua kijiti akachora mavumbini. Hapa Handeni, hapa Mkata, hapa barabara kuu, hapa Chalinze, hapa Dar. Njia fupi, nyepesi.

"Hatuwezi kwenda hivyo," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Hatujaaga. Mjomba yuko Kerenge. Bibi yuko Vugiri. Huwezi kupeleka mtoto wa watu Dar halafu wakubwa wasikie kwa watu wa pembeni."

"Mtoto wa watu ni mimi?"

"Ndiyo, wewe. Na mimi pia."

Alitazama mchoro wake. Dar ilikuwa upande mmoja, Korogwe upande mwingine kabisa. "Kaka, usinizingue. Dar iko huku, halafu sisi tunaanza kwa kwenda kule? Yaani tunaipa Dar mgongo, tunapanda mpaka Vugiri, tunashuka, halafu basi linatupitisha Mkata tena, hapa hapa karibu na nyumbani?"

"Ndiyo."

"Basi wangetusubiri Mkata wakatupungia mikono."

Lakini alijua kwamba hakuna njia nyingine. Kwetu kuaga kuna uzito. Unayemuaga ndiye atakayekutafuta usiporudi. Mjomba wetu, kaka wa mama, ndiye mwenye sauti juu yetu tangu wazazi waondoke. Na mimi nilikuwa na sababu yangu ambayo sikumwambia mtu. Nilimjua mjomba. Ni mtu ambaye haoni maana ya kuvuka mto bila jembe begani. Nilikuwa na hakika kwamba atakataa, na akikataa yeye, mimi nitakuwa sijabisha. Mjomba ndiye aliyekuwa kizuizi changu cha mwisho.

Tukaondoka Handeni na basi la mchana, baada ya mimi kupeleka maziwa ya asubuhi. Masuguru tulimkuta ndugu yetu wa katikati kwenye karakana yake, miwani myeusi usoni, anachomelea geti. Nilimsogeza pembeni, nikajaribu mara ya mwisho.

"Mjomba akikubali, mpeleke wewe," nilimnong'oneza. "Wewe ni kijana, utaelewana na hizo mashine."

"Mimi?" Akavua miwani. "Kitu kilichochomelewa na fundi nisiyemjua, halafu kinapinduka na watu ndani? Sipandi hata kwa mtutu. Najua sisi mafundi tunavyochomelea siku za Ijumaa."

"Sasa unataka nipande mimi?"

"Wewe hujui kuchomelea. Wewe panda tu." Akacheka, akafuta jasho. "Lakini kesho Kerenge nakuja. Nataka nione utamwambiaje mjomba."

Kwa hiyo tulikwenda watatu. Mdogo wetu alipiga pasi shati langu jeupe, lile la Idi, akaniambia siwezi kwenda kuomba ruhusa na fulana yenye harufu ya maziwa. Tulinunua sukari na majani ya chai, na kwa mke wa mjomba tukanunua kanga. Nikitazama nyuma naona kwamba kila tulichofanya asubuhi ile kilikuwa kosa, lakini tulikifanya kwa adabu.

Mjomba alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba yake anapukuchua mahindi ya mbegu. Alituona tangu tunashuka kwenye pikipiki za kukodi. Aliacha hindi mkononi, akatutazama mmoja mmoja: sisi watatu kwa pamoja, shati jeupe, kifurushi cha kanga. Uso wake ukabadilika. Tukamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika "Marahaba" tatu ndefu, akainuka mwenyewe kutuletea mkeka. Halafu akamwita mkewe pembeni wakanong'onezana. Mke wa mjomba alinipita akinitazama kwa huruma na furaha, akanipapasa mkono, akaenda nyuma ya nyumba.

"Haya," mjomba alisema, akakunja miguu. "Mmekula? Mtakula. Kwanza neno. Mna neno?"

"Tuna neno, mjomba," nilisema.

"Alhamdulillahi." Alifunga macho kidogo. "Sema. Usione haya. Ni wa wapi?"

"Nani, mjomba?"

"Huyo binti."

Nilisikia ndugu yangu wa Masuguru anakohoa, na nikajua kwamba hicho si kikohozi.

"Hakuna binti, mjomba."

"Ana watoto? Hilo si neno. Kuna wajane wanaojua kutunza nyumba kuliko hao wasichana. Wewe sasa ni mtu mzima, huwezi kuchagua sana."

"Mjomba, si habari ya kuoa."

Nyuma ya nyumba jogoo alipiga kelele mara moja, akanyamaza.

Mjomba alitazama tena shati langu jeupe na kile kifurushi cha kanga. Mimi nikaelewa. Sisi watatu hatujawahi kwenda kwake pamoja isipokuwa kwenye misiba. Tumekuja pamoja, tumevaa vizuri, hatulii. Angefikiri nini kingine? Alikuwa amengoja kwa miaka kwamba siku moja nitakuja na shati jeupe na kusema nimepata mchumba, na yeye atatafuta mshenga, na deni lake kwa dada yake litakuwa limekwisha. Leo alidhani siku hiyo imefika.

"Basi nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Anaumwa nani?"

"Wote wazima. Tumekuja kuaga. Tunakwenda Dar."

"Mmeitwa na serikali?"

"Hapana." Nilimtazama mdogo wangu anisaidie, lakini alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu ambayo sijawahi kuiona nyumbani. "Tunakwenda kupanda treni, mjomba."

"Treni! Si reli hiyo hapo Korogwe? Inakwenda wapi hiyo ya Dar?"

"Haiendi mbali. Inapanda, inateremka kwa kasi, inarudi ilipoanzia. Watu wanapanda ili wapige kelele."

"Wana shida gani?"

"Hawana shida."

Mjomba aligeuka kuelekea nyuma ya nyumba. "Mama!" alimwita mkewe. "Jogoo ameshachinjwa?"

"Ameshachinjwa!"

"Basi," mjomba alisema kwa unyonge. "Tutamla tu."

Hapo ndugu yangu alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akalala ubavu kwenye mkeka, mdogo wetu naye akafunika uso kwa mtandio, mabega yakicheza. Mke wa mjomba alitokea na kisu mkononi kuuliza tunacheka nini, na alipoambiwa alisema, "Na mimi nimeshamchagulia jina mtoto!" Mjomba mwenyewe akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, akalirudia lile hindi lake, akapukuchua punje chache.

Nikaona huu ndio wakati. Nikamsaidia akatae. "Mjomba, na mimi naona ni mambo ya kitoto," nilisema. "Mtu mzima kama mimi kwenda kupiga kelele. Ukisema tusiende, hatuendi."

Kicheko kikakatika. Mdogo wangu aliinua uso akanitazama. Alielewa pale pale kwa nini nilimpitisha njia yote ile.  Alianza tu kukunja ukingo wa mkeka na kuukunjua.

Mjomba naye alimwona. Alipukuchua hindi lile mpaka likabaki gunzi, akaliweka chini.

"Huyu ndiye aliyetaka safari?" aliuliza.

"Ndiye."

"Na wewe hutaki."

Nikalitazama lile gunzi.

"Nilikwambia usilie," alisema. "Siku ya kumzika dada yangu. Nakumbuka. Nilisema siku ile." Akanitupia lile gunzi, likanipiga kifuani kwenye shati jeupe. "Siku ile! Nilisema na mwaka huu?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nililiokota lile gunzi, nikabaki nalo mkononi kama mtu aliyepewa kitu cha kutunza.

"Mtakwenda," mjomba alisema. "Wote wawili. Na Vugiri msipande. Bibi yenu nitamwambia mimi. Akiwaona mnapanda mlima pamoja bila taarifa, atajua mnaleta habari ya kifo changu, na moyo wake ule hautastahimili. Mkirudi, wewe uniletee lile neno lingine. Jogoo mwingine ninaye."

Tukala. Jogoo alikuwa mgumu lakini mchuzi wake ulikuwa mzuri.

Njiani kurudi Masuguru mdogo wangu aliongea na yule wa katikati tu. Usoni hakuonyesha hasira. Jioni tulipokuwa tunafunga begi aliniuliza tu, "Kama angekataa, ungefurahi?" Nikamwambia ndiyo. Akafikiri, akasema, "Na sasa?" Nikamwambia sijui. Akasema hilo linamtosha, akanipa shati langu nilivae tena, akiwa amelitoa doa la gunzi.

Asubuhi tulipanda basi pale Korogwe. Tulipofika Mkata, basi liliposimama kushusha abiria, nilitazama ile barabara inayokuja kutoka Handeni. Ningeweza kushuka. Pikipiki za abiria zilikuwa pale, na jioni ningekuwa bomani. Mdogo wangu alikuwa dirishani ananunua mahindi ya kuchoma. Bila kunitazama alisema, "Kaka, shika haya yana moto," akanijaza mikono yote miwili. Mpaka nilipopata pa kuyaweka basi lilikuwa limeshaondoka. Mpaka leo anakana kwamba alikusudia.

Pale mahali penyewe sitapaeleza sana. Kulikuwa na muziki mwingi na watoto waliovaa vizuri. Lile treni lilikuwa dogo kuliko la kwenye simu, na nilifurahi, halafu nikaliona likiteremka na furaha ikaisha. Nilitazama maungio ya vyuma kama ndugu yangu alivyoniagiza nitazame, ingawa sikujua natafuta nini. Kijana wa pale akatufunga vyuma kifuani, akaniambia nivue kandambili zisije zikaruka. Nikamkabidhi.

Tulipoanza kupanda, mnyororo ulikuwa unagonga chini yetu, taratibu. Mdogo wangu, ambaye alikuwa ameongea tangu Chalinze, alinyamaza. Nilimtazama nikaona amefumba macho na midomo yake inasoma dua. Nikamshika mkono. Nikataka kumwambia kitu cha kumtuliza, kama ambavyo nimefanya siku zote, na nikakuta sina, kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa kama yeye. Tukafika juu. Niliona mapaa ya mabati, minazi michache, na mtu mmoja uani kwake anaanika nguo. Halafu tukaanguka.

Nilisikia yowe. Lilikuwa la mwanamume, la karibu sana, nikadhani ni la mtu wa nyuma yetu. Ilinichukua kona mbili kujua kwamba ni langu. Na halikuwa peke yake. Watu wote kwenye lile treni walikuwa wanaita mama. Mtu mwenye ndevu mbele yetu aliita mama. Msichana mwenye miwani aliita mama. Mdogo wangu, ambaye hakumbuki hata sura ya mama yetu, alimwita kwa nguvu zake zote, na mimi nilimwita, na sikujizuia, kwa sababu hapakuwa na mdogo aliyekuwa ananiangalia. Alikuwa amefumba macho.

Liliposimama, nilifanya jambo la kijinga. Niligeuka kutazama nani anakuja. Nilikuwa nasubiri majirani, mwenye panga na mwenye ndoo. Hakuna aliyekuja. Mtu wa kuuza barafu alikuwa anahesabu vikombe vyake. Nikajipangusa uso kwa mkono wa shati la Idi.

Mdogo wangu alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye ukingo wa bustani, kichwa katikati ya magoti.

"Unaumwa?"

"Sirudii," alisema. "Kaka, wallahi sirudii. Ile kitu si ya watu."

"Mimi narudia," nilisema.

Aliinua kichwa polepole. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini macho yake yaliniangalia kwa namna ambayo sikuwahi kuangaliwa na mtu yeyote tangu mama aondoke. Akanyoosha mkono. "Lete kandambili. Nitakushikia."

Nikapanda tena, peke yangu. Mara hii nilipofika juu sikutazama mapaa. Nilimtazama yeye chini, amesimama, kandambili zangu mikononi, ananisubiri nirudi.

Matokeo yalipotoka alichaguliwa kidato cha tano, mbali na kwetu. Mwezi alioondoka nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi, nikarudi kwenye madumu yangu kama alivyosema nitarudi. Lakini siku ile ya kwanza niliporudi bomani kutoka Dar, Yeyo alikuwa ameniuliza nimeona nini huko. Nilimweleza kwamba wanakupandisha mlimani, wanakuteremsha, wanakurudisha ulipotoka. Alisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Hivyo ndivyo ng'ombe wangu wanavyofanya kila siku," alisema. "Na hawalipi."

Tangu hapo safari yangu imekuwa utani wake. Wiki iliyopita nilimkuta anakamua, ndama amefungwa pembeni anavuta kamba kama kawaida.

"Huyu anakuuliza," alisema, akamwonyesha kwa kidevu. "Anasema utasafiri tena lini?"

"Mwambie Jumamosi. Nakwenda Vugiri, kwa bibi. Mjomba ameshamtumia taarifa ili asishtuke."

Mikono yake ikasimama. "Anaumwa?"

"Haumwi."

"Kuna msiba?"

"Hakuna, Yeyo," nilisema. "Nakwenda tu."